Njia ya Kumi

Kangeta,
18 Januari 2025

Mjomba Muchangi,

Habari za Kianjokoma, na habari za Aunty Ednah na ng'ombe wake? Huku sisi tu wazima. Baba analalamikia magoti asubuhi tu, ikifika saa nne utampata juu ya mti wa miraa kama kijana wa miaka ishirini. Mama hajambo, anasuka kiondo ambacho nadhani atakimaliza Yesu akirudi. Nakuandikia barua kwa sababu Aunty Ednah ameniambia simu haikufai tena, eti mtu akikuuliza habari ya mvua wewe unamjibu bei ya mbolea. Karatasi haina shida na masikio. Nitampa dereva wa magari ya Meru kwenda Embu, naye ataiacha Runyenjes kwa duka la Cicily, wewe utaichukua siku ya soko.

Sasa skiza. Nimenunua baiskeli! Ya mtumba, rangi ya kijani, ina gia sita ingawa zinazokubali ni nne. Fundi Mwirigi hapa sokoni ameiwekea breki mpya na kengele ya kuamsha wafu. Walimu wenzangu wananicheka, wanasema mwalimu mzima anakanyaga baiskeli na boda boda zimejaa kila kona. Wacheke! Jumamosi iliyopita niliipakia juu ya gari hadi Maua, nikashuka, nikaingia vijia vya mashamba ya chai, nikatokea kwingine kabisa na kupata gari la kunirudisha. Mjomba, nimezaliwa huku na sikujua kuna maporomoko ya maji nyuma ya kilima ninachokiona kila siku! Nilisimama pale nikicheka peke yangu.

Basi nimefungua daftari. Nataka njia kumi kabla ya Desemba. Sheria ni moja: njia ianze mahali gari la abiria linapomshusha mtu, na iishie mahali gari lingine litamchukua. Mtu asiye na gari, mwenye nauli na miguu tu, aisome na aifuate bila kupotea. Wewe unaijua Embu yote. Nisaidie.

Nilipokuwa nikimsomea Baba hiyo sheria, Mama akasema bila kuinua macho kwa kiondo: "Andika na ile ya miguu, ya kutoka Runyenjes hadi kwetu Kianjokoma. Ukiipata, nitaipita na wewe. Kwa barabara siendi."

Mjomba! Miaka kumi na moja Mama hajakanyaga kwao! Tangu mazishi ya Cucu, mama yenu, nikiwa bweni Form Three, na mtu hajaniambia kitu ila "walikosana kidogo." Siulizi mlikosania nini. (Nataka sana kujua, lakini siulizi.) Nataka njia. Hiyo ndiyo itakuwa ya kumi, na Krismasi tuje tuipite na Mama. Niandikie inaanzia wapi na inapita wapi. Haraka!

Mpwa wako mwenye vumbi hadi masikioni,
Kananu


Kianjokoma,
9 Februari 2025

Mwalimu Kananu,

Barua yako ilikaa wiki mbili kwa Cicily, chini ya mizani ya sukari. Imenifikia ikiwa na sisimizi. Tuko salama. Ednah anasema ng'ombe ana mimba na usiwahi tena kumcheka. Kahawa imechanua vizuri. Msalimie dada yangu. Na Mzee Kiunga pia.

Nimesoma habari ya daftari mara mbili na sitaki kukudanganya, limenifurahisha. Lakini mwandiko wako wa njia ni wa kitoto. Unaandika, "Pita mti mkubwa." Mti gani? Nimekuwa karani wa kiwanda cha kahawa miaka thelathini na moja, na nakwambia mti si alama. Mti hukatwa. Hata mbwa mkali si alama, atakufa. Andika vitu visivyohama: daraja, kanisa la mawe, jiwe.

Nakupa mfano. Shuka Runyenjes. Uliza kilima cha Kirimiri, kila mtoto anakijua. Panda kwa miguu, utaingia msitu wa zamani, baridi hata saa sita mchana, na ndege wengi. Ukifika juu nyamaza kidogo, usipige hiyo kengele yako. Kisha rudi Runyenjes uchukue gari. Nilienda mwenyewe Jumanne ili nisikuandikie uongo, nikarudi na njaa ya kijana. Ednah alidhani nimetoka harusini.

Ile njia nyingine unayouliza ina matope kwa sasa.

Mjomba wako,
G. Muchangi


Kangeta,
1 Machi 2025

Mjomba,

Matope? Mwezi wa pili? Huku vumbi limetufanya sote rangi moja, na nyinyi Embu mna matope yenu ya siri? Haya, tutaona.

Wote wazima. Baba amefurahi ulivyomsalimu. Alisema "Mm," na kwa Baba hiyo ni hotuba.

Ngoja nikupe ya nne! Shuka Maua. Usifanye kitu, kaa tu kwa baiskeli na uelekee chini upande wa mbuga ya Meru, kwenye geti la Murera. Mjomba, ni mteremko karibu kilomita thelathini! Nilitoka Maua nimevaa sweta mbili, kuna ukungu na chai na miraa. Baada ya kona chache nikavua moja. Migomba ikaisha, ardhi ikawa nyekundu, joto likanipiga usoni nikavua ya pili, na mbele yangu nyika yote ikafunguka mpaka macho yakachoka. Nilipiga kelele. Kwa sauti! Kijana wa boda boda akaja kando yangu akauliza, "Madam, ni breki?" Nikamwambia breki ziko sawa, ni furaha. Akasema hajawahi kuona hiyo barabarani. Kurudi nilipanda gari, baiskeli juu ya paa, mimi ndani nimelala kama gunia.

Na alama zote nimeandika kama ulivyotaka: madaraja matatu na kituo cha polisi. Hakuna hata mti mmoja.

Sasa ya kumi. Nilimuuliza Mama inaanzia wapi, akasema, "Mjomba wako anajua. Nilimpeleka shule kwa njia hiyo miaka minne nikimshika mkono, muulize yeye." Nikauliza kwa nini asiende kwa gari kama watu wengine. Akasema, "Nilitoka kwa njia hiyo, nitarudi kwa hiyo." Akaanza kuimba wimbo wa kanisa, na Mama akiimba umefungiwa mlango.

Nisaidie, tafadhali. Ana miaka sitini na tisa. Mwaka huu magoti yanakubali, mwaka ujao sijui.

Kananu


Kianjokoma,
30 Machi 2025

Mwalimu,

Tuko salama kwa neema za Mungu. Ednah anasumbuliwa na jino.

Umenifanya nifanye ujinga. Niliteremsha baiskeli yangu nyeusi kutoka darini, ile Black Mamba niliyokuwa nikiendea kiwandani. Ilikuwa na viota viwili vya ndege. Niliitia mafuta na matairi mapya, nikaipakia gari hadi Siakago, nikaendesha mpaka chini ya kilima cha Kiang'ombe. Huko Mbeere ni jua tupu, mbuzi na mizinga ya asali. Mama mmoja aliniona nasukuma, akanipa maji kwenye kibuyu na kunitania kwa Kimbeere kwamba wazee wa milimani tukiachwa na wake tunapanda baiskeli. Nilicheka njia nzima. Nimeandika kila kitu kwenye karatasi ya pili, na alama zake. Hiyo iwe ya sita.

Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kutoka nyumbani bila kwenda kununua kitu.

Ya kumi wacha mvua zipite kwanza.

G. Muchangi


Kangeta,
26 Aprili 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Jino la Aunty limeng'olewa? Mpe pole sana. Sisi salama. Shule zimefungwa, na mimi nimefanya jambo ambalo utanigombeza.

Nimeipata njia!

Nilichoka kungoja mvua zako. Alhamisi niliamka saa tisa usiku, nikapanda gari la kwanza kwenda Meru, lingine hadi Runyenjes na baiskeli yangu juu. Nikamuuliza Cicily. Akanitazama kidogo, kisha akanionyesha: nyuma ya kanisa la mawe, teremka. Mjomba, ni nzuri! Ni njia ya watu kabisa, imekanyagwa mpaka imekuwa mtaro. Inapita katikati ya mikahawa, inashuka kwa ngazi za udongo hadi mto, kuna daraja la mbao linalotikisika, halafu inapanda na kupanda mpaka unaanza kuona chai. Mahali pa kuendesha niliendesha, mahali pa kusukuma nikasukuma. Nilianguka mara mbili na sikujali. Nilikuwa najiambia, "Mama alipita hapa na kitabu cha mdogo wake kwapani." Nililia kidogo, lakini kilio kizuri.

Nilitaka nikutokee mlangoni ghafla, nikupigie kengele, uone!

Halafu njia ikaisha. Ua, Mjomba. Ua wa kayaba, miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, urefu wa watu wawili, umepandwa katikati ya njia kutoka mpaka hadi mpaka. Hata kuku hapiti. Nilipiga kengele, nikaita hodi. Kimya. Mama mmoja aliyekuwa akichuma kahawa akasema nizunguke kwa barabara, ni saa nzima. Nikamwambia naenda kwako, nikamuuliza ni nani mwenye ua huu. Akacheka, akasema, "Uliza wenyewe kwenu." Mvua ikaanza, na Kangeta ni mbali, ikabidi nirudi nilikotoka.

Ni mtu gani asiye na haya kiasi hicho? Njia ya watoto wa shule! Njia ya akina mama wa soko! Wewe ni mzee wa kanisa na watu wanakusikiliza, mwendee umwambie afungue. Kama ni mkaidi niambie jina lake, nitakuja nimkalie mlangoni mimi mwenyewe na kengele yangu. Mama sijamwambia. Sitaki ajue kwamba mtu amefunga njia yake.

Kananu


Kianjokoma,
25 Mei 2025

Kananu,

Tumepokea. Jino lilitoka. Mahindi yamefika magotini.

Watu hufunga njia kwa sababu zao. Miaka ile kulikuwa na wezi wa kahawa. Usimkalie mtu mlangoni kabla hujajua mambo yake. Andika njia nyingine iwe ya kumi, ziko nyingi.

G.M.


Kangeta,
14 Juni 2025

Mjomba,

Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki. Umekasirika? Kama nimekosa adabu kwa kutukana jirani yako, nisamehe, hasira zangu hazina breki. Lakini ya kumi sibadilishi. Ziko tisa sasa, na nafasi ya kumi nimeiacha wazi.

Hebu nikuchangamshe na hii ya tisa. Si ndefu, inaanzia hapa hapa sokoni Kangeta. Saa tisa mchana magari ya miraa yanapoondoka hapa usipite, utakufa. Lakini asubuhi na mapema pita nyuma ya soko, fuata vijia vya mashamba ya zamani. Kuna miti ya miraa huko iliyopandwa na babu za babu zetu, mashina yamejikunja kama vidole vya wazee. Jua linapita kwenye majani, na watu wanakusalimu kwa jina la ukoo wako hata kama hawakujui.

Huko nilikutana na wazee watatu wamevaa makoti, wanatembea kwa mstari bila kuongea. Wa mbele amekumbatia kitu kilichofungwa kwa majani ya ndizi, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nikashuka kwa baiskeli nikasimama kando, ndivyo tulivyofundishwa. Jioni nikamwambia Baba. Ilikuwa ncoolo, lile fungu la miraa la heshima. Hapa kwetu halibebwi kuuzwa, Mjomba. Mtu huchagua miraa ya miti ya zamani kabisa, analifunga kwa mkono wake mwenyewe, na analipeleka anapoenda kuomba mchumba, au kuomba msamaha, au kuwaambia watu wenye msiba kwamba msiba wao ni wake. Si lazima ulitafune. Unalipokea tu kwa mikono miwili. Nikamuuliza Baba, na mtu akilikataa? Akasema, "Akilikataa, amekwambia mbele ya watu kwamba wewe si mtu." Kisha akachukua jembe akaingia shambani, na mvua inanyesha. Hakuwa na kazi yoyote huko.

Wazee wetu wana mambo. Jibu upesi, na barua ndefu!

Kananu


Kangeta,
16 Agosti 2025

Mjomba, kulikoni?

Miezi miwili! Cicily ameniambia kwa simu kwamba barua ya Juni uliichukua mwenyewe na ukaisomea pale pale dukani. Uko mgonjwa? Aunty Ednah nikimpigia anasema, "Yuko shambani," asubuhi shambani, jioni shambani. Shamba gani hilo lisiloisha?

Mama anauliza kila Jumapili kama njia imepatikana. Nimeanza kumdanganya, na mimi si hodari wa uongo. Niandikie hata mstari mmoja.

Kananu


Kianjokoma,
7 Septemba 2025

Kananu,

Ednah anawasalimu wote. Ng'ombe amezaa ndama jike. Hizo ndizo salamu. Mwandiko ni mbaya leo, vumilia.

Aliyepanda ule ua ni mimi.

Siku ya mazishi ya mama yetu mvua ilikuwa imekata barabara. Baba yako alikuja kwa njia ya miguu kutoka Runyenjes, yeye na wazee wawili wa kwao, suruali zimejaa matope hadi magotini, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa majani ya ndizi. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, mchungaji kando yangu, na watu karibu mia tatu wanatazama. Akaninyooshea kwa mikono miwili. Mimi nilichoona ni mirungi. Nikasema kwa sauti, "Hamtaleta mirungi kwa kaburi la mama yangu!" Nikamnyang'anya, nikakitupa mtaroni. Wengine walinipigia makofi, Kananu. Baba yako alivua kofia, akaangalia ndani yake kama mtu aliyepoteza kitu, akageuka akaondoka.

Mama yako, Veronicah, alikaa mpaka udongo wa mwisho. Hakula. Akanijia pale njia inapoanzia, akaniambia, "Siku utakayojua ulitupa nini, nitarudi kwa njia hii. Kabla ya hapo usinitafute." Nikadhani ni maringo ya kuolewa na watu wa miraa. Wiki iliyofuata nikapanda kayaba. Watu niliwaambia ni wezi wa kahawa. Ukweli ni kwamba kila asubuhi nikifungua mlango nilikuwa naiona ile njia, na nikiiona namwona yeye amenishika mkono twende shule. Sikutaka kuona.

Siku ile ya Aprili Ednah alisikia kengele. Akaniambia kuna mgeni nyuma ya ua. Nikamjibu ni watoto. Nilijua si watoto. Ulikuwa hatua arobaini kutoka mlango wangu, ukanyeshewa, nami nimekaa ndani na kikombe cha chai. Hilo linaniuma hata kuliko lile la kwanza.

Barua yako ya Juni niliisoma nikiwa nimesimama kwa Cicily. Nilipofika kwa wale wazee watatu nikakaa juu ya gunia la mahindi, akaniletea maji akidhani ni presha. Usilolijua ni usiku wa giza. Miaka kumi na moja nimesema baba yako aliniletea aibu, kumbe aliniletea heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na alikuwa ameibeba kwa mvua.

Wasomee wazazi wako barua hii yote, usiruke mahali. Siombi kitu.

Mjomba wako,
Gedion Muchangi


Kangeta,
27 Septemba 2025

Mjomba,

Sitaanza na salamu kwa sababu hata sijui nianzie wapi. Nilikasirika. Nilikanyaga baiskeli hadi Maua na kurudi bila kuona chochote. Nilipofika nikawa sina hasira tena, nimebaki na njaa na kilio.

Niliwasomea jioni, baada ya chakula. Yote. Nilipofika kwa kofia, Baba akasema, "Hata hilo aliliona?" Akatoka nje. Nilidhani mambo yameharibika. Kumbe ameenda kusimama kwenye mti wa babu yake, ule mkubwa kabisa, akiushika matawi moja moja kwenye giza na tochi ya simu. Akarudi akasema Desemba utakuwa na machipukizi mazuri, mtu asiuguse. Mjomba, unaelewa anachosema? Anachagua!

Mama alikaa siku tatu akisuka kiondo chake. Siku ya nne akaniomba barua. Hakuisoma, aliiangalia tu kwa miwani yake, akaniuliza, "Mkono wake una nini? Gedion huandika kama mashine." Nikasema sijui, ni uzee. Akasema, "Si uzee." Jana amerudi kutoka soko la Maua na viatu vya raba, vya kijani, vinafanana na baiskeli yangu. Amevivaa ndani ya nyumba kuvizoeza.

Ujumbe wake ni huu, neno kwa neno: "Mwambie aiandike. Kama ni njia, aiandike kwenye daftari kama zile zingine, mwanzo hadi mwisho. Nikiisoma na isiwe na ua, naja."

Kiondo kimekwisha. Ameniambia ni cha Ednah.

Kananu


Kianjokoma,
23 Novemba 2025

Kananu, dada yangu Veronicah, na Mzee Kiunga,

Tumeamka salama. Ndama anakua. Ednah amepaka nyumba rangi, usiniulize kwa nini.

NJIA YA KUMI. Runyenjes hadi Kianjokoma, kwa miguu. Saa tatu kwa mtu wa miaka sitini na tisa asiye na haraka.

Mwambieni dereva awashushe Runyenjes. Pitieni kwa Cicily, atakuwa na chai, ameambiwa. Nyuma ya kanisa la mawe njia inateremka kati ya mikahawa, msiiache mpaka mtoni. Daraja ni la mbao. Nimeongeza mbao mbili na kamba ya kushika, nikalivuka mara sita kulijaribu. Kananu ashuke kwa baiskeli hapo, asijifanye shujaa.

Ng'ambo ya mto, mkono wa kushoto, kuna jiwe pana. Veronicah analijua. Hapo alikuwa akinikalisha na kunitoa miiba miguuni kabla hatujafika shule. Pumzikeni hapo.

Kutoka kwa jiwe ni kupanda tu, mpaka muone chai. Mwisho wa kupanda mtauona ua wa kayaba, uko pale pale. Katikati yake kuna mwanya. Nilianza kuukata mwishoni mwa Juni, kwa panga, kisha kwa shoka, na mizizi kwa jembe. Vijana wa kanisa walitaka kunisaidia nikawakataza, kwa sababu niliupanda peke yangu. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuandika kabla sijafika upande wa pili. Miiba ya kayaba haina huruma, na ndiyo maana ya ule mwandiko. Veronicah alikuwa sawa, si uzee. Nilimaliza jana saa kumi jioni. Watu wawili wanapita bega kwa bega, hata mmoja wao akiwa amebeba kitu cha kukumbatia. Mchungaji nimemweleza. Ataitwa aje aone nikikipokea, na wale waliopiga makofi wataitwa pia.

Tarehe ishirini Desemba, Jumamosi.

Mwalimu, nilikwambia usiandike miti wala mbwa, uandike vitu visivyohama. Basi andika alama ya mwisho ya njia ya kumi hivi: kwenye mwanya, mzee mmoja amesimama, mikono miwili mbele, haina kitu. Atakuwa hapo tangu saa moja asubuhi. Hatahama.

Gedion